Dawa ya saratani ya ini: si mwili unaoizoea

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu kila baada ya muda: dawa ya saratani ya ini ikiacha kufanya kazi, eti mwili umeizoea, mgonjwa aipumzishe, anywe mitishamba "inayoua seli za saratani peke yake".

Usugu upo kweli, ila uko kwenye seli za saratani zenyewe. Baadhi zina protini zinazofanya kazi kama pampu: dawa ikiingia, inatemwa nje. Kuacha dawa kiholela hakuziondoi seli hizo. Huenda kukazipa nafasi ya kukua. Huenda tunachanganya kwa kuwa usugu tumezoea kuusikia kwenye malaria na antibiotiki, na hata huko anayekuwa sugu ni kimelea au bakteria, si mgonjwa.

Na hiyo "peke yake", yaani bila kugusa seli nyingine? Hata sorafenib, dawa lengwa (iliyoundwa kulenga saratani) iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini mwaka 2007, hugusa seli zenye afya pia. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi: kuhara, viganja na nyayo kuuma. Kulenga kwingine hufanywa kwa mrija unaopeleka dawa kwenye ateri ya ini, kwani uvimbe hulishwa zaidi na ateri hiyo, wakati ini lenyewe hupata damu nyingi kupitia mshipa utokao utumboni.

Kama dawa imeshindwa, picha za CT (eksirei ya kompyuta) zikilinganishwa na za awali zitaonyesha. Muulize daktari wako. Mitishamba mingine huliumiza ini lililokwisha kuchoka, kwa hiyo ujumbe huo tafadhali usiusambaze.