Moyo mkubwa: nani huziamuru seli zinenepe?

Mtu akitoka kupimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kuambiwa moyo wake umekuwa mkubwa, swali la kwanza huwa hili: umekuaje, na mimi nilishamaliza kukua? Ni swali zuri kuliko mwenyewe anavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walikadiria umri wa seli za moyo kwa kutumia kaboni ya mionzi iliyosambaa angani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia. Walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya asilimia. Kwa hiyo misuli ya moyo wa mtu mzima hukua kwa seli zilezile kunenepa.

Chanzo tunachokutana nacho sana ni presha ya kupanda. Chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini kote, hulazimika kukaza zaidi kila pigo, mchana na usiku. Ukuta wake, ambao kwa kawaida una unene wa milimita 6 hadi 10, huanza kujaa. (Moyo uliotanuka na kulegea ni jambo jingine, ingawa moyo ulionenepa, usipotibiwa, unaweza kuishia huko.)

Lakini mzigo peke yake haujengi nyama. Ili seli inenepe, lazima itengeneze protini mpya, na maelekezo ya kuzitengeneza yamo kwenye jeni, ndani ya kiini cha seli. Jeni hazijisomi zenyewe. Zipo protini maalumu zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Mimi huziita nyapara, maana hazibebi tofali hata moja, ila bila wao ujenzi hauanzi.

Nyapara mmoja anaitwa NFAT. Moyo ukiwa shwari, hukaa nje ya kiini, amefungwa kwa vipande vya fosfeti. Presha ikidumu, na homoni kama angiotensini zikizidi kubisha kwenye seli, ishara za kalsiamu ndani yake hubadilika na kukaa juu muda mrefu. Hapo huamka kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Hukata zile fosfeti, NFAT akaingia ndani ya kiini, akamkuta mwenzake GATA4, na wawili hao wakafungua jeni za ukuaji. Mwaka 1998 Jeffery Molkentin, Eric Olson na wenzao huko Marekani walitengeneza panya ambao kalsinurini ya moyo wao haikulala kamwe. Mioyo yao ilivimba mara mbili hadi tatu ya kawaida, kisha ikashindwa kazi. Walipopewa saiklosporini, dawa inayozima kalsinurini, uvimbe ulizuilika.

Kwa nini basi hatuwapi wagonjwa wa presha dawa hiyo? Kwa sababu NFAT huyohuyo ndiye anayeamsha seli za kinga ya mwili. Jina lake lenyewe limetokana na seli hizo. Ukimzima moyoni umemzima kote. Isitoshe, saiklosporini huumiza figo na kupandisha presha, yaani inaleta kilekile tulichokuwa tunakikimbia.

Breki zipo pia. Nyapara mwingine, MEF2, hukaa tayari juu ya DNA, lakini protini za kundi la HDAC humshika asifanye kazi. Moyo ukielemewa, HDAC hutolewa nje ya kiini na MEF2 akabaki huru. Panya waliozaliwa bila HDAC9, mojawapo ya protini za kundi hilo, walinenepa moyo kupita kiasi walipoongezewa mzigo. Jeni zinazofunguliwa wakati huo nyingine ni zile zilizotumika tukiwa tumboni mwa mama. Mojawapo hutoa BNP, homoni inayoingia kwenye damu, na ndiyo maana daktari huagiza kipimo chake anapohofia kwamba moyo umeelemewa.

Si kila kunenepa kwa moyo ni ugonjwa. Moyo wa mwanariadha hukua, na wa mjamzito pia, kisha kwa kawaida hurudi hali yake mazoezi yakipungua au baada ya kujifungua. Amri yake hupita njia nyingine: katika panya waliozoezwa kuogelea, nyapara aitwaye C/EBP-beta alipungua moyoni, na seli zikakua bila kuharibika.

Kwa wenye presha, leo tunazuia amri ikiwa bado mlangoni. Losartani, dawa ya presha, huziba mahali ambapo angiotensini hushikia seli, huku ikishusha mzigo wenyewe. Dawa ikimezwa kila siku kwa miezi kadhaa, ukuta wa moyo unaweza kupungua unene, na tofauti hiyo huonekana kwenye eko. Anayeiacha kwa sababu kichwa hakimuumi tena huwa anafungua mlango uleule: presha hupanda, angiotensini hushika seli upya, na kalsinurini huanza tena kukata fosfeti.