Je, wajua kwa nini muuza chai wa Glasgow amewekwa kwenye noti ya pauni 20?

Ukishika noti ya pauni 20 ya Royal Bank of Scotland, ile iliyoanza kutumika Machi 2020, utakutana na sura ya mama mmoja. Si malkia, wala hakuwa mwanasiasa. Ni Kate Cranston, na kilichompa jina ni migahawa ya chai.

Glasgow ya miaka ya 1870, huko Uskoti, ilikuwa jiji la viwanda na meli, na ulevi ulikithiri hadi zikazuka harakati kubwa za kupinga pombe. Mwanamume akichoka mchana, baa zilikuwa tele. Je, mwanamke aliyetoka kununua kitambaa mjini, miguu inamuuma? Mahali pa kuketi peke yake bila kunyooshewa kidole palikuwa pa shida kupatikana.

Kate, aliyezaliwa 1849, alikuwa binti wa mwoka mikate. Kaka yake Stuart aliuza majani ya chai, na mwaka 1875 akaweka meza chache dukani ili wateja wanywe hapohapo. Kate aliona mbali zaidi. Mwaka 1878 alifungua mgahawa wake katika mtaa wa Argyle, kisha mwingine Ingram, Buchanan na Sauchiehall. Kwangu mimi, akili yake ilikuwa hapa: alijua kwamba mtu analipia kikombe, lakini anachokifuata ni kiti.

Viti vyenyewe navyo vina habari yake. Kate alimpa kazi Charles Rennie Mackintosh, msanifu kijana ambaye bado hakuwa na jina kubwa. Kwa ajili ya mgahawa wa Argyle, Mackintosh alibuni kiti chenye mgongo wa karibu mita 1.4, juu kina ubao wa duara la yai uliotobolewa umbo la ndege anayeruka. Wateja wakikaa kuizunguka meza, migongo ile inasimama kama ua, nao wanazungumza yao kwa faragha katikati ya ukumbi uliojaa watu.

Mwaka 1903 alimwachia Mackintosh jengo zima la Sauchiehall, ndani na nje. Mgahawa ukaitwa Willow, jina la Kiingereza la mti ambao pia umo ndani ya jina la mtaa huo: Waskoti huuita sauch. Ghorofani kulikuwa na chumba cha wanawake: viti vya rangi ya fedha na zambarau, vioo ukutani, dirisha pana linalotazama barabara. Mwanamke aliweza kuketi pale akautazama mji kwa raha zake. Wanaume walikuwa na chumba chao cha kuvuta tumbaku na cha biliadi, juu zaidi.

Mwaka 1892 aliolewa na John Cochrane, lakini biashara iliendelea kuitwa Miss Cranston, jina ambalo wateja walilizoea na kuliamini. Mumewe alipofariki mwaka 1917, alivaa nguo nyeusi na kuanza kuiuza migahawa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1934, bila mtoto. Wosia ulipofunguliwa, theluthi mbili za mali yake zilikwenda kwa maskini wa Glasgow.