Sharn: Aliye juu mngoje chini

Mara ya kwanza nilipoendesha kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo wa mezani, ndani ya jiji la kubuni la Sharn nilikunjua ramani mezani na kuanza kutaja sehemu za jiji. Central Plateau, Dura, Menthis Plateau, Northedge, Tavick's Landing; kila moja ina kata ya juu, ya kati na ya chini, na kila kata ina mitaa yake. Kabla sijamaliza Northedge, mchezaji mmoja alikuwa ameshapanga kete zake moja juu ya nyingine. Nilikasirika. Baadaye nikagundua kwamba ule mnara wake wa kete ulikuwa umelieleza jiji vizuri kuliko mimi.

Kwa asiyelijua, Sharn ni jiji kubwa kuliko yote katika bara la Khorvaire, ndani ya Eberron, ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao mwendesha mchezo husimulia na wachezaji huigiza wahusika wao kwa kurusha kete. Ulimwengu huo ulibuniwa na Keith Baker. Alishinda shindano la kubuni ulimwengu mpya lililotangazwa na wachapishaji wa mchezo huo, Wizards of the Coast, mwaka 2002, lenye maandiko zaidi ya 11,000, na mwaka 2004 ulimwengu huo ukachapishwa. Uchawi wa huko ni kazi ya mkono kama useremala: kuna taa za barabarani za kichawi, kuna treni inayokimbia kwa umeme wa radi, na kuna fundi wa kuvitengeneza vikiharibika. Sharn limekaa juu ya majabali kando ya mto Dagger, nchini Breland. Nafasi ya kutanuka haikuwepo, kwa hiyo watu wakajenga kwenda juu.

Minara ile haisimami kwa mawe peke yake. Mahali lilipo jiji pamegusana na Syrania, ulimwengu mwingine ambao ni anga tupu, na mguso huo unatia nguvu uchawi wa kuruka na kuelea. Ndiyo maana kuna mtaa mzima, Skyway, unaoelea juu ya minara, na kuna magari ya angani yanayobeba abiria kutoka mnara hadi mnara. Yatoe magari hayo nje ya jiji, hayaruki tena. Mwendesha mchezo mgeni husahau jambo hili, kisha wachezaji wake wanaiba gari la angani na kutaka kulipeleka nchi jirani.

Swali la kwanza ninalomuuliza mhusika yeyote wa Sharn ni hili: unalala ghorofa gani? Mtaa utafuata. Anayelala juu anaona jua, na uchafu wake unateremka kwa mwingine. Anayelala chini huwasha taa saa sita mchana.

Historia nayo imepangwa vivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, na ya zamani zaidi iko chini kabisa. Kabla ya binadamu kufika, dola ya magoblini ya Dhakaan ilikuwa na mji hapo, Ja'shaarat. Dola ikaanguka, mji ukabaki magofu. Akaja haramia wa kibinadamu aitwaye Malleon, akajenga ngome juu ya magofu hayo na kuyaita Shaarat. Baada yake akaja Breggor, akauteka mji, na jina likawa Sharn. Leo magoblini wengi wa jijini wanaishi Dura ya Chini, katika mtaa unaoitwa Malleon's Gate. Yaani wajukuu wa waliojenga misingi wanapanga vyumba katika mtaa wenye jina la yule aliyejitwalia mji wao. Kitabu cha mchezo hakiweki mkazo hapo, lakini mimi huweka. Mchezaji wangu aliyecheza goblini alipolisikia jina hilo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kibao cha mtaa kinang'oka.

Kisha vikaja Vita vya Alama, miaka kama 1,500 iliyopita. Eberron kuna koo zenye alama za joka kwenye ngozi, alama za kurithi zinazompa mtu kipaji fulani cha kichawi, na koo hizo zimeshika biashara kuu zote. Kuna pia watu wenye alama potofu, zisizofuata ukoo na mara nyingi zenye kudhuru. Koo zikaamua kuwawinda. Waliosalia wakajifungia Sharn, wakiongozwa na Halas Tarkanan na mwanamke aliyejulikana kama Lady of the Plague, Bibi wa Tauni. Walipozingirwa na kuona hakuna pa kutokea, waliachia nguvu zao zote: ardhi ikatetemeka, tauni ikapanda kutoka chini. Jiji likafa pamoja nao, na lilikaa gofu kwa muda mrefu kabla ya kujengwa upya enzi za ufalme wa Galifar.

Magofu hayo bado yapo chini ya jiji la leo, yamezibwa. Ukitaka mashimo ya kuchunguza, hapo ndipo pa kuchimba, na Chuo Kikuu cha Morgrave kule Menthis ya Juu kinatoa wateja wasio na haya wa kununua chochote utakachotoa. Mimi simwamini profesa yeyote wa Morgrave, hata yule niliyemtunga mwenyewe. Na ukiwa bado huku chini utakutana na House Tarkanan, genge la wezi na wauaji wenye alama potofu, waliojipa jina la yule kiongozi. Wachezaji hawatakuuliza tarehe za vita. Watakuuliza kwa nini yule muuaji alitema mate alipoona nembo ya ukoo mlangoni, na hapo sasa unayo nafasi ya kueleza.

Tabaka la juu ni la vita vya juzi. Vita ya Mwisho ilianza mwaka 894 wa kalenda ya ufalme na kumalizika 996 kwa mkataba wa Thronehold. Kampeni kwa kawaida huanza 998, majeraha yakiwa mabichi. Mwaka 994 nchi nzima ya Cyre iliangamia kwa siku moja, na hadi leo hakuna anayejua sababu. Wakimbizi wake wamejaa High Walls, Tavick's Landing ya Chini, mtaa uliojengwa ili ukifungwa hakuna wa kutoka. Kata hiyo hiyo ina kituo cha treni, kwa hiyo mgeni anayeshuka na mizigo yake hayuko mbali na watu wasio na pa kurudi. Chini zaidi kuna Cogs, viwanda vinavyotumia moto wa ardhini, ambako warforged wengi bado wanafanya kazi. Hao ni viumbe wa chuma, mbao na mawe waliotengenezwa kwa ajili ya vita. Mkataba uliwapa uhuru, ila mshahara ni habari nyingine.

Northedge nitaipita haraka: ni makazi ya watu, wengi wao wanataka kulala. Skyway nimeitumia mara moja tu, kwa karamu iliyoharibika.

Lakini nikiambiwa nichague mtaa mmoja wa kuanzia kampeni, nachagua Fallen, Dura ya Chini. Zamani uliitwa Godsgate, mtaa wa mahekalu. Mwaka 918, katikati ya vita, mnara uliokuwa ukielea juu, Glass Tower, yaani Mnara wa Kioo, ulipoteza nguvu na kuangukia mtaa huo. Wengi wanaamini ilikuwa hujuma. Kifusi hakikuzolewa. Mtaa ukageuka magofu yenye watu waliorukwa na akili, na watu wa juu wakaufuta midomoni mwao.

Sikuwasimulia wachezaji hayo. Nilimwangusha mmoja wao huko.

Sharn watu wenye uwezo hubeba hirizi ya unyoya, kisahani kidogo cha chuma chenye mchoro wa unyoya. Ukianguka futi 20 au zaidi inaamka yenyewe, unashuka futi 60 kwa raundi na unatua bila kuumia. Ukishatua, nguvu yake imekwisha. Raundi ni sekunde 6. Yule wa mnara wa kete alisukumwa kutoka daraja la Dura ya Juu, ambalo nilikuwa nimelipangia kimo cha futi 1,200 juu ya Fallen. Piga hesabu: raundi 20, dakika mbili nzima hewani.

Akadhani nitasema "unatua salama" tuendelee. Badala yake nilimpitisha raundi moja moja. Dirisha la kwanza, mfanyabiashara anakunywa mvinyo, anamwona, anavuta pazia. Raundi ya saba, kamba za nguo, shati linamnasa usoni. Ya kumi, Dura ya Kati, watoto wanamhesabia kwa sauti, maana si wa kwanza wiki hii. Ya kumi na tatu mwanga unaanza kuisha. Ya kumi na sita anasikia harufu kabla hajaona kitu. Ya kumi na tisa anaona vioo, vipande vikubwa kama milango, vimesimama wima ardhini kama makaburi, na watu wanatoka nyuma ya vioo hivyo wakiangalia juu.

Kumrudisha alikotoka kuliwachukua wachezaji vikao vitatu. Lifti za kupanda zipo, lakini askari wa lango huuliza unaishi wapi, na mtu aliyejaa vumbi la Fallen hana jibu zuri. Walilipa rushwa mara mbili, wakafanya kazi moja ya genge la Boromar, na kufikia hapo kila mmoja angeweza kunichorea kata tatu za Dura bila ramani.

Kitu cha kwanza alichonunua alipofika juu ni hirizi mpya. Cha pili ni kamba, ya kujifunga darajani kila anapozungumza na mtu asiyemjua.