Wakikuinamia hawakubatizi: dhana potofu kuhusu misaada ya Wabudha wa Tzu Chi

Jamani nshachoka. Mimi kazi yangu ni kuandikisha watu na kusimamia ugawaji wa misaada baada ya maafa, na nikiwa na mashirika mengine naulizwa maswali ya kawaida tu, mafuta yako wapi, mbona yule kapata mbili. Ila siku wakija Wabudha wa Tzu Chi, shirika la misaada kutoka Taiwan, swali ni moja. Safari ya mwisho aliniuliza mama mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake la mchele, keshapewa, keshasaini, ananivuta mkono wa shati na kuninong'oneza: "Mwanangu, sasa hawa dini yao watatuingiza lini?"

Mama, hawakuingizi. Hiyo ndo dhana inayonichosha kuliko zote kwa hiyo naijibu kwa kirefu, zingine nitazipitia haraka haraka.

Kinachowatisha watu ni kule kuinama. Ukifika mbele ya foleni unamkuta mtu kavaa shati la bluu na suruali nyeupe, wakati mwingine mzee wa miaka 70 huko, anashika kitu kwa mikono miwili, anainama mpaka kiunoni halafu anakukabidhi, na yeye mtoaji ndo anasema asante! "Gan en" wanasema. Sasa mtu ambaye hajala siku mbili akiinamiwa na mgeni namna ile anaona hapa kuna kitu, mbona mwenye mali ananyenyekea, si bure. Kumbe maana yake ni rahisi tu, kwao mtoaji ndiye anayedaiwa shukrani kwa sababu wewe mpokeaji umempa nafasi ya kutenda wema. Hukubaliani nao? Sawa, hulazimishwi. Ukitaka kuinama na wewe inama, usipotaka chukua mchele wako nenda nyumbani, hakuna anayeandika.

Na watu wasiniambie "wanajificha, utaona baadaye". Baadaye ipi? Hawa wako kwenye misaada ya nje ya nchi yao tangu 1991, walianza na Bangladesh, nchi ya Waislamu, na mwaka huohuo wakaenda kusaidia mafuriko mashariki mwa China mpaka wakalaumiwa na watu wao wenyewe kule Taiwan, ati kwa nini tunawasaidia hao mahasimu wetu. Indonesia wamepeleka mchele kwenye chuo cha bweni cha Kiislamu cha Nurul Iman kule Bogor. Uturuki, Istanbul, waliwafungulia watoto wa wakimbizi wa Syria shule, inaitwa El Menahil, walimu walikuwa Wasyria wenyewe na masomo yalikuwa kwa Kiarabu. Msumbiji na Afrika Kusini ndo usiseme, wengi wanaovaa yale mashati ya bluu ni wanakijiji wa palepale, Wakristo, Jumapili wanaenda kanisani kama kawaida na hakuna aliyewaambia waache. Kama lengo lilikuwa kubadili watu dini basi hao jamaa ni wabovu sana wa kazi hiyo.

Nikiri kitu kimoja lakini, maana sipendi kumdanganya mtu. Mambo yao wanayo. Watakuimbia nyimbo wakionyesha maneno kwa mikono, watakuonyesha picha ya mwanzilishi wao, mtawa wa kike anaitwa Cheng Yen, na watakusimulia ile hadithi ya mianzi. Hadithi yenyewe ni ya kweli: mwaka 1966 kule Hualien, akina mama 30 wa nyumbani, wafuasi wake, walikuwa kila siku kabla ya kwenda sokoni wanatumbukiza senti 50 kwenye kipande cha mwanzi. Mtu akauliza si bora tutoe dola 15 kwa mpigo mwisho wa mwezi (dola za Taiwan hizo), wakaambiwa hapana, kila siku, ili moyo uzoee kumkumbuka mwenzio kila siku. Na kuna watawa watatu wa Kikatoliki walimtembelea Cheng Yen mwaka huohuo wakazungumza naye kuhusu dini zao, wakamuuliza mbona Wabudha hawajengi shule na hospitali kama Wakristo. Hospitali yao ya kwanza, hapohapo Hualien, ikafunguliwa 1986. Kwa hiyo ukitaka kumtafuta aliyemsukuma mwenzie hapo, hao masista nao wamo!

Tatizo ni kwamba baada ya hadithi wanaweza kukugawia na wewe kikopo cha kuwekea sarafu, ukipenda uchangie. Hapo ndo watu wanaruka, "si nilisema, wanataka hela yao irudi". Ndugu yangu, sarafu moja italipa gunia lile la mchele lini? Wanachotaka ni usijione ombaomba, kwamba na wewe una cha kumpa jirani. Mimi kikopo changu natupia funguo.

Kipimo changu ni hiki, na kitumie kwa shirika lolote, la dini au lisilo la dini: umeambiwa ufanye nini KABLA ya kupewa? Kama ni kusali, kuhudhuria ibada, kubadili jina, kupiga kura, ondoka na toa taarifa. Kama ni kuonyesha kitambulisho na kuponi, hiyo ni kazi ya kawaida, acha maneno.

Dhana zingine sasa.

"Hela zinaishia kwenye nauli zao." Wanaojitolea Tzu Chi wanajilipia nauli wenyewe wanaposafiri kwenda kwenye maafa. Na huwa wanachukua likizo kazini kwao.

"Wanagawa vitu tu, hela hawatoi." Ufilipino baada ya kimbunga Haiyan, Novemba 2013, mji wa Tacloban ulikuwa umefunikwa na kifusi, wakawalipa wenyeji peso 500 kwa siku wasafishe mji wao wenyewe, wakati kima cha chini pale kilikuwa kama nusu ya hiyo. Hela ikaingia mtaani, maduka yakaanza kufunguliwa.

"Wakishapiga picha wanaondoka." Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, wakaanza na chakula na vifaa, wakaendelea mpaka kujenga nyumba na madarasa mkoani Sofala. Ujenzi ni wa miaka siyo wiki.

"Blanketi wanalogawa, la chupa za plastiki, ni takataka." Chupa zinasagwa, zinayeyushwa, zinavutwa kuwa nyuzi, na hilo shati la michezo ulilovaa huenda limetengenezwa hivyohivyo. Lifunike ulale.

"Kuponi ni upendeleo." Hapana, wanaopita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu na kuwapa kuponi kabla ya siku ya ugawaji ndo wanaondoa upendeleo. Kuponi ina namba, namba ina jina, na aliyekosa ana pa kulalamikia. Siku lori likifika bila orodha wanaopata ni vijana wenye mabega, mjane na mlemavu wanaangalia.

Na wewe uliye mbali unayeguswa ukataka kusaidia, nakuomba kwa heshima zote usitume nguo kuukuu. Tuma hela kwa shirika lililoko pale. Nguo lazima mtu azichambue, na huyo mtu ni mimi. Marobota ya mwisho nilichambua siku nzima, nikatoa sidiria, koti la manyoya kwenye joto la kufa mtu, na viatu vya kisigino kirefu, vitano, vyote vya mguu wa kushoto.