Bima moja ya afya Afrika Mashariki? Haipo

Kwenye foleni ya malori pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, utalisikia tu: mwenye kadi ya bima ya Kenya anatibiwa Uganda bila kulipa, kwani si Jumuiya ni moja? Hapana. Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa 1999 unataja ushirikiano katika afya, na Soko la Pamoja la 2010 likarahisisha watu na bidhaa kuvuka. Mfuko mmoja wa bima haukuundwa.

Na ungeundwaje? Kila nchi inachangisha kivyake. Kenya, makato ya asilimia 2.75 ya mshahara yanakwenda SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iliyorithi NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya taifa, mwaka 2024. Uganda yenyewe haina bima ya taifa: Bunge lilipitisha muswada Machi 2021, Rais hakuusaini. Vituo vya serikali viliondoa ada 2001 (wodi za kulipia zikabaki), ila dawa zikiisha unaandikiwa kikaratasi ukanunue mwenyewe. Hiyo si bima.

Nadhani madereva wanachanganya na Kadi ya Njano, bima ya magari ya COMESA (jumuiya ya kibiashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika). Hiyo kweli inavuka mpaka, tena inagharimia matibabu ya dereva na abiria, lakini wakiumia kwenye ajali ya gari. Malaria haimo.