Kutoa gari kuukuu kwa hisani Marekani: kodi inapungua kiasi gani?

Matangazo ya redio Marekani huahidi hivi: tupe gari lako bovu, tutakuja kulivuta bure, na kodi yako itapungua. Ni kweli, ila kwa masharti ambayo tangazo halina muda wa kuyataja.

Kwanza, kinachopunguzwa ni mapato yanayotozwa kodi, si kodi yenyewe. Aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12, akiruhusiwa kukata dola 900, anaokoa dola 108.

Na hizo 900 zinatoka wapi? Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme una Toyota Corolla ya 2006, rangi imebabuka kwenye boneti, asubuhi haiwaki mpaka uibembeleze, lakini ungepata mtu wa kukupa 2,500. Shirika la hisani ulilolipa likiipiga mnada ikaenda kwa 900, haki yako ni kudai 900. Sheria hii ilianza kutumika 2005, kwa sababu watu walikuwa wakijiandikia bei za juu kwa magari yasiyotembea. Naiona ni ya haki kabisa. Thamani ya sokoni hukubaliwa shirika likilitumia gari kwa kazi zake, likilifanyia matengenezo makubwa, au likimpa mhitaji. Likiuzwa kwa 500 au chini, unadai thamani yake ya sokoni, mradi isizidi 500.

Dai la zaidi ya 500 halisimami bila fomu 1098-C, yenye namba ya chasisi na bei ya mauzo. Shirika hukupa ndani ya siku 30 tangu gari liuzwe.

Sharti zito zaidi ni hili: lazima uorodheshe makato yako moja moja, yaani matumizi ambayo sheria inaruhusu kuyatoa kwenye mapato kabla ya kodi. Kwa mwaka wa kodi 2025, asiyeoa au kuolewa kwa kawaida anakatiwa dola 15,750 bila kuorodhesha chochote, na wanandoa wanaojaza pamoja 31,500. Kama riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na sadaka zako hazivuki hapo, gari halikupunguzii hata senti. Familia nyingi za wapangaji hazivuki. Kwao gari ni sadaka tupu, nao wana haki ya kulijua hilo kabla hawajasaini.

Siku ya kuvutwa, ijulishe ofisi ya magari ya jimbo lako kwamba umiliki umehama. Jina lako likibaki kwenye kumbukumbu zao, faini za maegesho zitakufuata wewe.