Sindano haifungui kumbukumbu kama kabati

Wengi waliotazama The Seventh Veil, filamu ya Uingereza ya 1945, hubaki wakiamini kwamba daktari wa akili akikulaza usingizi na kukuhoji, ukweli wote utamwagika na utaamka mzima. Sivyo.

Francesca, mpiga piano, anashikilia kwamba hatapiga tena, ingawa mikono yake iliyoungua inaweza kupona. Dkt. Larsen anamdunga sindano, naye anasimulia maisha yake kwa mpangilio kabisa: fimbo ya mwalimu mkuu viganjani, kisha mkongojo wa mlezi wake, Nicholas, ukishuka kwenye vidole vilivyo juu ya piano. (Hapo mimi hufumba macho kila mara. Piano yenyewe, kwa taarifa yako, aliipiga Eileen Joyce, si mwigizaji Ann Todd.)

Sindano za aina hiyo zilitumika kweli kwa askari wa Vita Kuu ya Pili. Lakini mtu aliye nusu usingizini anaweza kudanganya, au, baya zaidi, kudaka wazo la anayemhoji akalikumbuka kama lake. Kumbukumbu si mkanda uliorekodiwa. Hujengwa upya kila unapokumbuka. Siku hizi majeraha ya moyo hutibiwa kwa vikao kadhaa vya mazungumzo, mgonjwa akiwa macho.